Chumba cha Barazani

Jumatatu, 1 Oktoba 2012
Mvua imeanza leo, na paa limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimetega sufuria mbili sakafuni, nikakaa kitandani nikisikiliza matone. Mama Mchungaji ameniambia niandike kila siku, hata kama ni mstari mmoja, kwa kuwa kuongea nimeshindwa. Bon, naandika.

Mimi ni Médiatrice, Mkongo wa Uvira, niliyehamia huku kusini. Nasuka nywele saluni, huko chini upande wa Point, karibu na bandari. Mume wangu Anatole anapakua makontena kwenye ghala moja la Clairwood. Tunakaa katika nyumba kubwa ya zamani juu ya Albert Park, ya matofali mekundu, yenye ghorofa moja na vioo vya rangi mlangoni. Zamani waliishi humu watu wa familia moja na watumishi wao. Sasa tuko familia tisa. Vyumba vimekatwa kwa plaiwudi, kila kimoja kimekuwa viwili. Chumba chetu si chumba hasa. Ni kipande cha baraza la juu ambacho mtu fulani alikiziba kwa mbao miaka mingi iliyopita, akatia mlango na dirisha, akaanza kukipangisha.

Tina alizaliwa tukiwa humu. Alifariki mwezi wa tano mwaka huu, kwa homa ya uti wa mgongo. Alikuwa na miaka sita. Jumatatu alilalamika kichwa, Alhamisi hatukuwa naye.

Nimeandika. Inatosha.

Jumanne, 2 Oktoba
Mvua. Nimesuka wateja watatu.

Jumatano, 3 Oktoba
Papy alitukusanya wote chini ya ngazi. Papy ni Mkongo mwenzetu wa Lubumbashi, ndiye anayekusanya kodi kwa niaba ya mwenye nyumba. Akasema, "Patron ameuza nyumba. Yule mwenye kununua anataka kubomoa, aweke maegesho ya magari. Mtu asiniulize mimi, mimi pia nitatoka."

Watu wakaanza kusema wote pamoja. Bi Kidawa, Mtanzania wa Tanga anayeshona nguo chumba cha mbele, alikaa kwenye ngazi akashika tama. Ameishi humu kuliko sisi sote.

Mimi nilifurahi. Naandika ukweli. Nikifungua macho asubuhi, kabla sijakumbuka mimi ni nani, chumba hiki kinanikumbusha. Nilitaka waje hata kesho na mashine yao, wakiangushe.

Anatole hakula.

Jumanne, 9 Oktoba
Mama mmoja mzungu alisimama barabarani akipiga picha nyumba yetu, mvua ikimnyeshea. Anatole alishuka kumuuliza anatafuta nini, na badala ya kumfukuza akampandisha juu. Anaitwa Lorna. Karibu atafika miaka sabini, mwembamba, amevaa viatu vya wazi hata kwenye mvua hii. Alikuwa msanifu wa majengo kabla hajastaafu, na sasa yeye na wenzake wanahangaikia majengo ya kale ya mji yasibomolewe.

Niliona haya kwa nguo zilizoanikwa kwenye ngazi. Yeye hakuziona. Alishika ule ubao wa kushikia wa ngazi, akaupapasa taratibu kama unavyompapasa mbuzi unayetaka kumnunua. Akamwambia Anatole kwa Kiingereza kwamba nyumba ilijengwa mwaka 1894, enzi za Malkia Viktoria, na kwamba zilizobaki kama hii mtaani ni tatu tu.

Alipofika mlangoni kwetu akanitazama akasema, "Una bahati kukaa hapa."

Nikatazama sufuria zangu.

Jumapili, 14 Oktoba
Anatole hakuja kanisani. Alikwenda kwa Lorna kutazama picha za zamani. Amerudi saa kumi jioni uso umechangamka, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano, akataka nimsikilize.

Kumbe nyumba ilijengwa na wakala wa meli aliyepata mali bandarini. Mbao zilikuja kwa meli, na zile nguzo za chuma za barazani, zilizotobolewatobolewa juu kama lesi, zilikuja kwa meli pia, kutoka Uskoti, zikiwa zimefungwa kwenye majani makavu. Mke wa yule wakala alikaa barazani jioni kutazama bandari, maana siku hizo hapakuwa na maghorofa ya kumziba. Baada ya vita vya pili vya dunia nyumba ikawa ya kupangisha mabaharia. Halafu ikawa ya kupangisha mtu yeyote. Halafu sisi.

"Sheria iko," akasema. "Nyumba ikipita miaka sitini, mtu habomoi bila ruhusa. Lorna atapeleka pingamizi kwenye ofisi ya urithi, inayolinda majengo ya kale. Anataka mtu wa humu ndani wa kumsaidia."

Nikamwambia, "Anatole, huyo mke wa wakala wa meli anatuhusu nini?"

Akapanda darini kuziba paa.

Jumatatu, 15 Oktoba
Paa bado linavuja.

Jumapili, 21 Oktoba
Tumegombana. Jirani wote wamesikia, plaiwudi haifichi kitu.

Nilikuwa nimepata chumba Umbilo, kwa dada mmoja tunayesali naye. Kizuri, kikavu. Nikamwambia tuhame mwezi ujao, kabla hawajatufukuza. Akasema hahami. Nikamwambia mwanaume mzima anafuatana na bibi kizee kuhesabu vigae vya wazungu waliokufa, na mtoto wake mwenyewe hata jina hamtaji. Kweli, hamtaji. Tangu tulipozika hajalitamka jina lake mbele yangu hata mara moja.

Alivaa koti akatoka. Nilipochungulia dirishani nilimwona amesimama ng'ambo ya barabara, kwenye mvua, akiitazama nyumba.

Ijumaa, 26 Oktoba
Sikukuu ya Bi Kidawa, Idi ya kuchinja. Alipika pilau akagawia nyumba nzima, Waislamu na Wakristo. Anatole alipita chumba kwa chumba na karatasi ya sahihi za pingamizi. Watu wakatia sahihi huku wakitafuna. Bi Kidawa ndiye wa kwanza.

"Nitie hapa? Haya. Mimi mume wangu alinileta nyumba hii, akapanda meli akanambia narudi, na hakurudi mpaka leo. Wakiibomoa, akija atanikuta wapi?" Akacheka, nasi tukacheka, lakini mkono wake ulitulia juu ya ile karatasi muda mrefu.

Mimi sikutia.

Jumamosi, 3 Novemba
Leo tumekwenda makaburini, mimi na Anatole. Jua lilitoka kidogo kati ya mvua mbili. Majani yalikuwa yameota mpaka magotini, nasi tukayang'oa kwa mikono. Ule msalaba wa mbao umeshaanza kuinama upande mmoja kwa udongo kulainika.

Anatole aliushindilia kwa mawe. Kisha akiwa bado amechuchumaa, hanitazami, akasema, "Unakumbuka walichotuambia siku ile ya kuzika? Kaburi ni la miaka kumi. Makaburi ya mji yamejaa. Ikipita miaka kumi na mtu hajaja kuomba tena, wanaweza kuzika mwingine hapohapo."

"Nakumbuka."

"Sisi karatasi zetu za kukaa nchi hii ni za kuongezwa kila mara. Leo tuko hapa, baada ya miaka kumi tutakuwa wapi? Labda Uvira. Labda Canada. Labda tumekufa. Nani atakuja kumwombea nafasi yake?" Akafuta mikono kwenye suruali. "Lakini nyumba, Lorna anasema, ikiandikwa kwenye orodha, hakuna wa kuigusa. Hata sisi tukiwa mbali. Alikaa mule. Alijifunza kutembea mule. Kama nyumba iko, basi pahali pake pako."

Nikakaa kwenye majani mabichi, sketi ikaloa. Miezi yote hii nilifikiri anakimbilia nyumba ya wazungu ili asimkumbuke mtoto. Kumbe kila kigae alichokihesabu alikuwa anamhesabia yeye.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ulitaka ibomolewe," akasema. "Niliogopa ungenishinda."

Jumatatu, 5 Novemba
Nimetia sahihi. Nimechukua karatasi nyingine ya sahihi nikaenda nayo saluni. Mteja ukiwa umemshika nywele hawezi kukataa.

Jumatano, 14 Novemba
Mvua siku ya nne. Lorna amekuja na kamera na tochi, amelala chali sakafuni mwa Bi Kidawa kupiga picha dari. Dari lile ni la bati lililogongwa maua, nami miaka yote sijawahi kuinua macho kulitazama. Nilimpikia chai. Aliniambia aliwahi kuokoa majengo manne, na yaliyomshinda hayahesabiki. Mumewe alikufa miaka mingi iliyopita, watoto wako Australia. Akiniambia hayo alikuwa bado amelala chali. Nilimpenda kidogo.

Alisema Anatole ni mtu wa ajabu, hajui kuchoka. "Anaipenda nyumba hii kuliko mimi," akasema. Sikumweleza. Si langu peke yangu la kueleza.

Jumamosi, 24 Novemba
Jibu limetoka. Ombi la kubomoa limekataliwa. Lorna alimpigia Anatole simu akiwa kazini Clairwood, na Anatole anasema alikaa juu ya kontena akashindwa kushuka.

Jioni nyumba nzima ilikuwa sherehe. Papy alinunua bia, Bi Kidawa akakaanga samaki, mtu akaleta redio kubwa. Watu walimwita Anatole Président. Alicheza, kidogo, mabega tu, kama alivyocheza siku ya harusi yetu. Kisha tulipopanda chumbani aliweka kiganja ukutani, kwenye mbao, akasema, "Tina, umebaki."

Amelitaja. Nililia mpaka nikapata usingizi, na kilikuwa kilio kizuri.

Jumapili, 25 Novemba
Kanisani. Hakuna mvua.

Jumamosi, 1 Desemba
Lorna alikuja na michoro, akaitandaza juu ya meza ya cherehani ya Bi Kidawa. Anatole alikuwa kazini zamu ya Jumamosi. Lorna alikuwa na furaha kama mtu anayefungua zawadi aliyoileta mwenyewe.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa," akasema, "na hivi ndivyo tungependa irudi."

Ilikuwa nyumba yetu, lakini safi. Mlango wa mbele mahali pake, ngazi, vyumba vikubwa bila plaiwudi. Nikatafuta chumba chetu kwenye ghorofa ya juu. Nikafuata ukumbi kwa kidole, nikapita chumba cha Papy, nikatokea barazani. Palikuwa na nguzo na ile lesi ya chuma, mwanzo hadi mwisho. Nyuma yake peupe.

Nikauliza, "Na sisi? Chumba chetu kiko wapi?"

"Ah, hapa." Akaweka kidole kwenye ule weupe. "Hizi mbao ziliongezwa baadaye, miaka ya sitini nadhani. Zinaharibu sura yote ya mbele. Zikitoka, baraza litapumua tena."

Alisema kwa upole kabisa. Alikuwa ananipa habari njema.

Nikamuuliza, na watu? Akavua miwani. Akasema hilo ni la mwenye nyumba, wao wanashughulika na jengo tu, na kwamba yeye binafsi angependa watu wabaki. Bi Kidawa hakuelewa Kiingereza chote. Aliniuliza kwa macho. Nikamwambia mchoro ni mzuri.

Jumanne, 4 Desemba
Sijamwambia Anatole.

Ijumaa, 7 Desemba
Ameziba paa kwa lami. Chumba kikavu kabisa, mara ya kwanza tangu tuingie. Ameshinda siku yake nzima ya mapumziko juu ya mabati, na aliposhuka alikuwa mweusi mikono mpaka viwiko, anacheka. Nilimmiminia maji aoge. Ulimi ulikataa.

Jumanne, 11 Desemba
Nianzie wapi.

Asubuhi Papy aligonga kila mlango akigawa karatasi. Yule aliyetaka maegesho ameona hawezi kubomoa, akaiuza nyumba kwa mawakili. Mawakili wataitengeneza iwe ofisi zao. Wanataka wapangaji wote wawe wametoka ifikapo mwisho wa Januari. Nyaya za umeme ni za hatari, wamesema, nyumba haifai kulala watu, na kama hatutoki kwa hiari watakwenda mahakamani. Pamoja na hiyo karatasi waliambatanisha mchoro wa Lorna wa vyumba vya chini.

Jioni Anatole aliporudi walikuwa wanamsubiri kwenye ngazi. Mimi nilikuwa juu, nimeshika ule ubao wa kushikia. Papy ndiye aliyeanza.

"Président. Umeona kazi yako?"

Anatole alisoma karatasi akiwa amesimama, begi bado begani. Akasoma tena.

"Yule wa maegesho alikuwa maskini wa fikra," Papy akasema. "Angehangaika na vibali miaka miwili, mitatu, na sisi tuko humu tunalipa kidogo kidogo. Mais wewe umemtafutia nyumba mnunuzi mwenye haraka. Umeipamba kama bibi harusi, halafu umewapa wengine."

"Sikujua," Anatole akasema.

"Hukujua. Ulitembea na yule mama miezi miwili, hukuuliza watu wataenda wapi?"

Mtu mwingine akasema kwa Kilingala neno ambalo sitaliandika. Anatole aliwatazama mmoja mmoja. Wote walitia sahihi, lakini hakusema hivyo. Alitafuta uso wa Bi Kidawa.

Bi Kidawa alikuwa amekaa ngazi ya chini kabisa. Hakupandisha sauti. "Anatole mwanangu, mimi sina ugomvi nawe. Lakini nimekaa hapa miaka kumi na moja. Kila jirani aliyekuja nilimpokea. Mkeo alipojifungua mimi ndiye nilimkanda. Mtoto alipokufa mimi ndiye nilimuosha pamoja na mkeo. Hukuweza kuja kwangu ukaniuliza, Bi Kidawa, nikifanya hivi wewe itakuwaje?"

"Walitaka kubomoa, mama."

"Wangebomoa, ningelia na jengo lingekuwa limekufa. Sasa jengo litakuwa zima, zuri, nami nitakuwa napita nje nalitazama." Akainuka akishika magoti. "Hilo ni gumu zaidi."

Akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Watu wakatawanyika. Anatole alibaki pale chini peke yake, na mimi, Mungu anisamehe, sikushuka mara moja.

Alhamisi, 13 Desemba
Nilimwambia leo kuhusu chumba. Niliona bora aumie mara moja. Nikasema, "Anatole, kwenye mchoro chumba chetu hakipo. Baraza linafunguliwa. Mbao zinatoka."

Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akaendelea kufunga.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Katikati ya Novemba. Lorna alinionyesha mchoro kabla haujaisha."

"Na ukaendelea? Ukapanda juu ukaziba paa?"

"Nilimwomba. Nilimwambia aache hiki kipande kimoja tu, kwa sababu ya wapangaji. Akasema atawauliza wenzake. Aliwauliza. Walikataa, kwa sababu nyumba inaandikwa kwa jinsi ilivyojengwa, si kwa jinsi watu walivyoiziba." Akainua uso. "Nikafikiri labda baadaye watabadili mawazo. Nikafikiri chumba kikiwa kizuri, kikavu, mtu ataona vibaya kukivunja."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimemficha karibu wiki mbili, naye alikuwa amenificha mwezi mzima, kila mmoja akimhurumia mwenzake ndani ya chumba ambacho mtu hawezi kunyoosha mikono.

"Ulimweleza Lorna kwa nini?"

"Hapana."

"Kwa nini, Anatole?"

"Ningemweleza, angelia," akasema. "Halafu wangevunja vilevile."

Jumanne, 25 Desemba
Krismasi. Mvua kubwa. Mwaka jana nyumba nzima ilikula pamoja uani. Leo kila mtu alipika ndani. Hakuna aliyetugongea. Bi Kidawa alituma bakuli la maandazi, lakini hakulileta mwenyewe.

Jumanne, 1 Januari 2013
Bonne année. Hakuna jipya.

Jumamosi, 19 Januari
Bi Kidawa ameondoka. Basi la kwanza, halafu basi lingine, halafu lingine, mpaka Tanga. Ameuza cherehani. Nilimsindikiza kituoni. Tulikaa juu ya mabegi yake kama tulivyokuwa tukikaa kwenye ngazi.

"Mama Tina," akasema, "usimwache mumeo akae kimya sana. Mimi niliyemkasirikia nimeshapoa. Yeye bado hajajisamehe."

Nikamuuliza, na mume wako akirudi?

"Mume wangu hakupotea, mwanangu. Ana mke mwingine Maputo, nilijua tangu mwaka wa pili. Ilikuwa rahisi kusema namngoja." Akafunga vizuri mtandio. "Nilikuwa nangoja nyumba tu. Nilikuwa na dirisha zuri."

Anatole alikuja mbio kutoka kazini, jasho limemlowesha shati. Alifika basi likiwa linawashwa. Bi Kidawa alitoa mkono dirishani, Anatole akaubusu, akaukamata mpaka dereva akapiga honi.

Jumamosi, 26 Januari
Tumehamia Cato Manor. Chumba cha matofali ya saruji nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mzulu. Hakivuji. Mwenye nyumba ametupokea vizuri, ametuletea sahani ya wali na maharage. Anatole alibeba vitu vyote mwenyewe, hakutaka msaada. Kabla hatujaondoka nyumba ya zamani alirudi juu peke yake. Nilimsubiri chini kwenye gari la mizigo. Alikawia. Aliposhuka alinipa ufunguo nimkabidhi Papy, na Papy naye alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo tuliuacha mlangoni.

Jumanne, 5 Februari
Joto. Anatole anakwenda kazini, anarudi, anatazama ukuta.

Jumatano, 20 Februari
Lorna amekuwa akimpigia Anatole, hapokei. Leo amenipigia mimi saluni. Alisema mafundi wameanza na baraza, mbao zimetoka zote, na chini ya rangi ya zamani wamekuta chuma kizima. Alitaka Anatole aje aone. Sauti yake ilikuwa na furaha na woga.

Nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Nikatoka nje, nikasimama chini ya kibaraza cha duka la simu, mvua inaanza, nikamweleza. Kwa Kiingereza changu cha kusukia nywele nilimweleza kwamba tulikuwa na mtoto wa kike, aliitwa Tina, alikuwa na pengo la meno mawili ya mbele na alikuwa anaogopa ngurumo. Kwamba alikaa katika kile kipande cha baraza maisha yake yote. Kwamba Anatole alikuwa haokoi nyumba ya wakala wa meli.



"Kwa nini hakuniambia?" Lorna akauliza.

"Angekuambia, ungeziacha zile mbao?"

"Sijui," akasema. "Ningependa kusema ndiyo. Sijui."

Wengine wangesema ndiyo. Nilimshukuru kwa hilo. Kabla ya kukata akaniambia, "Médiatrice, mimi nilikuambia una bahati." Nikamwambia nakumbuka. Akaanza kulia, na mimi nikarudi kwa mteja wangu.

Jumapili, 3 Machi
Nilimwambia Anatole leo baada ya ibada kwamba Lorna anajua. Nilifikiri atakasirika. Akauliza tu, "Alisemaje?" Nikamweleza. Akatembea kidogo, halafu akasema, "Twende tukaone."

Nyumba imezungushiwa wavu wa mafundi. Hakukuwa na kazi, ni mlinzi tu, kijana wa Kizulu, tukamsalimu, tukamwambia tuliishi hapa. Akasema eish, ameambiwa asiingize mtu, kisha akatutazama nguo zetu za kanisani akafungua. Dakika chache tu, akasema.

Plaiwudi yote imetoka. Sijawahi kujua kwamba kutoka mlango wa mbele unaweza kuona mpaka uani. Hatua zetu zilitoa mwangwi. Ngazi imepanguswa, ni nyekundu, sikujua pia. Ni nzuri. Lazima niandike hivyo, ni nzuri sana, na mtu akiniuliza kama ingefaa kubomolewa nitasema hapana.

Tukatokea barazani. Upepo ulikuwa unapita moja kwa moja. Zile nguzo zimekwanguliwa rangi, zimebaki kijivu, na ile lesi ya chuma juu imetupa kivuli chake sakafuni. Kati ya maghorofa mawili inaonekana kipande cha bandari na winchi moja. Miaka yote tuliyokaa hapa kulikuwa na bandari nyuma ya ule ukuta wa mbao.

Mbao za sakafu zimepigwa randa zikawa mpya, hazina doa wala alama. Anatole alitembea polepole, anatazama chini. Akasimama.

"Kitanda chake kilikuwa hapa," akasema.

Nikatazama. Nikasogea hatua mbili kushoto. "Hapana. Hapa. Mlango wetu ulikuwa pale, kitanda kikafuata."

"Mlango haukuwa pale. Ulikuwa karibu na nguzo hii."

"Nguzo zilikuwa nje, Anatole, tulikuwa hatuzioni."

Tulipima kwa miguu. Tulijaribu kukumbuka meza, ndoo, msumari wa kutundikia koti. Kila tukikubaliana juu ya kitu kimoja, kingine kilikosa pa kukaa. Hatukugombana. Tuliongea kwa sauti ya chini kama watu walio karibu na mtoto aliyelala. Nilikuwa nimemlaza na kumwamsha kila siku ya maisha yake, na sikuweza kuonyesha kwa kidole mahali alipokuwa akilala.

Mlinzi akaita kutoka chini, "Baba, mama, muda."

Anatole alipiga goti, akaweka kiganja sakafuni, mahali pale alipopachagua yeye. Akakiacha hapo. Mabega yakaanza kutikisika. Tangu siku ya mazishi nilikuwa sijamwona akilia.

"Ilikuwa hapa," akasema. "Médiatrice, ilikuwa hapa, sivyo?"

Mimi najua kilikuwa kule upande wangu, hatua mbili. Nikapiga goti karibu naye, nikaweka mkono wangu juu ya wake.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ilikuwa hapa."